Uzi wa Kijani

Mama Pasi alikuwa mwoga tangu utotoni, na hakuwahi kuona sababu ya kulificha hilo. Aliogopa radi, aliogopa mbwa hata wale wa kufugwa ndani, aliogopa kupokea simu ya namba asiyoijua. Marehemu mumewe alikuwa akimtania kwamba siku ya kiyama atajificha chini ya meza ya pasi, asubiri kwanza watu wapungue. Kwa hiyo msishangae kwamba siku mwendesha mashtaka alipomtazama usoni na kumuuliza lile swali moja, magoti yake yaligongana. Cha kushangaza ni kwamba alijibu.

Kazi yake ilikuwa udobi. Alikuwa na chumba kimoja mbele ya nyumba, mlango ukitazama barabarani. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyovikwa blanketi kuukuu, pasi ya umeme, pasi ya mkaa kwa ajili ya siku umeme unapokatika, na kamba zilizopita juu kutoka ukuta huu hadi ule, zimejaa mashati ya watu. Kufua alifulia uani, kwenye mabeseni, mgongo umeinama na mdomo unaimba. Watu walisema ukivaa suruali iliyopigwa pasi na yeye unaweza kukatia mkate kwa ule mkunjo wa mbele. Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika, hata yeye mwenyewe ilimchukua muda kuitika akiitwa nalo.

Sasa, dobi mwenye wateja wengi lazima awe na namna ya kujua shati hili ni la nani, maana mashati meupe ya wanaume yanafanana kama mayai. Wengine huandika kwa wino. Yeye alishona. Kila mteja alikuwa na rangi yake ya uzi: mishono midogo ndani ya kola, au ndani ya kiuno cha suruali, mahali ambapo mwenye nguo mwenyewe hapaoni. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu alikuwa njano. Mama wa saluni alikuwa nyekundu na nyeupe zimekutana. Ukimwamsha Mama Pasi usingizini ukamtajia rangi, atakutajia mtu.

Na vitu vya mfukoni navyo vilikuwa na utaratibu wake. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Miaka ya mwanzo ya kazi alikuta hereni kwenye koti la bwana mmoja, na kwa roho yake safi akampelekea mke wa yule bwana. "Dada, hereni yako hii hapa, ilikuwa mfukoni kwa shemeji." Lo! Hereni haikuwa ya huyo mke. Yule mama alirusha sufuria, bwana akaruka dirishani, ndoa ikavunjika mtaa mzima ukishuhudia, na Mama Pasi alirudi nyumbani anatetemeka, akaapa. Tangu siku hiyo, kitu alichokikuta mfukoni hakukitazama mara mbili. Alikizungushia kipande cha nailoni, akakifunga kwa uzi wa rangi ya mwenyewe, akakitia kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Mwenye nguo akija, anapewa nguo na kifurushi chake, basi. Hakufungua, hakuuliza, hakunong'ona na mtu. Watu walimpenda kwa hilo kuliko hata kwa pasi yake.

Uzi wa kijani ulikuwa wa mdogo wake.

Huyu alikuwa kitinda mimba wa mama yao, na jina la Kitinda likamganda mpaka ukubwani. Mama yao alipofariki Kitinda alikuwa bado ananyonya kidole. Dada ndiye aliyemlea, dada ndiye aliyechelewa kuolewa kwa ajili yake, dada ndiye aliyefua sweta lake la shule la kijani kila jioni kwa sababu lilikuwa moja tu. Rangi ya uzi ilitokana na sweta hilo. Kitinda alipokuwa mtu mzima akapata kazi, alivyosema, kwenye ghala fulani la mizigo. Akawa analeta nguo za wenzake wa kazini. "Dada, hawa jamaa hawajui kufua hata leso. Nifulie, watakuja wenyewe kuchukua." Dada akafurahi, kazi si ndiyo hiyo? Na kwa kuwa aliyezileta ni Kitinda, zote akazitia uzi wa kijani. Makoti hayo yalikuwa na vitu mifukoni mara kwa mara, vigumu kidogo, vidogovidogo. Akavifunga kijani. Watu asiowajua wakaja, wakataja jina la Kitinda, wakapewa koti na kifurushi, wakashukuru wakaenda zao. Hata salamu zao zilikuwa nzuri.

Mchana mmoja akiwa anapiga pasi gauni la harusi la watu, wakaingia wanaume wenye nguo za kiraia. Mmoja alikuwa amemshika mkono kijana aliyebeba koti. Kijana alikuwa ametoka hapo dukani muda si mrefu.

"Mama, hili koti umempa wewe?"

"Nimempa mimi. Kwani limeungua?"

"Na kilichokuwa mfukoni?"

"Nacho nimempa mimi. Ni chake." Halafu, kwa ule uoga wake wa kutaka kila mtu aone kwamba yeye si mwizi, akapanda kwenye kigoda, akashusha kopo la biskuti kwa mikono yake mwenyewe. "Vya wateja wote viko humu, baba. Hakuna hata sindano ya mtu iliyowahi kupotea."

Askari akamimina kopo juu ya meza, juu ya lile gauni. Ukatoka ufunguo wenye uzi wa bluu, vifungo vya koti, picha ndogo ya mtoto, na vifurushi vya kijani. Akachana cha kwanza. Ndani mlikuwa na kete, zile karatasi ndogo zilizokunjwa zenye unga, ambazo Mama Pasi alikuwa akizisikia kwenye taarifa ya habari tu. Akachana cha pili, mambo ni yaleyale.

"Amefunga nani hivi?"

"Mimi," akasema, na askari akaandika.

Walipekua kila kitu. Walichana pakiti za sabuni, mmoja akanusa bakuli la wanga wa kukazia kola akapiga chafya mpaka kofia ikadondoka, na siku nyingine mtaa ungecheka wiki nzima. Mama Pasi hakucheka. Alikuwa amekodolea macho ule uzi wa kijani mkononi mwa askari. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini alijua palepale ni vya nani. Walipomtoa nje, alimwona Kitinda mwisho wa barabara akija, mikono mfukoni. Akaona anavyosimama. Akaona anavyogeuka na kurudi alikotoka bila kukimbia, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Kosa lililoandikwa lilikuwa kusambaza dawa za kulevya. Si kukutwa nazo, kusambaza. Akaambiwa kosa la namna hiyo halina dhamana, atasubiri kesi rumande.

Rumande ya wanawake ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha la juu lisilofikika, na mikeka imepangwa ukutani. Usiku wa kwanza hakupiga usingizi hata wa kusingizia. Alikuwa anahesabu moyo wake unavyodunda akidhani utasimama. Kila mlango ulipogongwa alishtuka, kila jina lilipoitwa alidhani ni lake. Mwanamke wa mkeka wa jirani, mzoefu wa humo, aliyeitwa Shangazi na kila mtu hadi walinzi, alimtazama siku ya pili akamwambia, "Wewe mama, hivyo unavyotetemeka utatuchosha sisi. Kula basi."

Kitinda alikuja siku ya kutembelea. Alileta sabuni, mafuta ya kujipaka na kanga mpya. Akakaa upande wa pili wa wavu, akainama.

"Dada, haki ya Mungu sikujua ni nini. Mimi nilikuwa napitisha tu."

Dada akamtazama. Alimlea yule, aliujua uongo wake tangu ule wa kuiba sukari utotoni. "Kitinda."

"Dada, nisikilize." Sauti ikashuka. "Wenye mali hawana mchezo. Wanaijua nyumba. Wanajua mwanao anatoka chuo kwa njia gani. Ukitaja jina langu, wamenimaliza mimi, na sijui watamfanya nini mtoto. Nyamaza. Nimekutafutia wakili mkubwa, atakutoa."

Binti yake alikuwa msichana wa chuo, mtoto pekee, ambaye sasa alikuwa anaendesha lile duka asubuhi na jioni ili mteja asihame. Alikuwa akilala nyumba moja na mjomba wake. Mama Pasi alirudi kwenye mkeka akakaa ameshika ile kanga mpya, na baridi ilimpanda kutoka kwenye nyayo mpaka kichwani, ingawa jua lilikuwa kali.

Wakili mkubwa alikuja amevaa miwani ya fremu ya dhahabu. Hakukaa. "Mama, hapa hakuna cha kubishana. Umekiri umefunga mwenyewe. Uzi ni wako. Kiri kosa mahakamani, wewe ni mjane, ni mara ya kwanza, hakimu atakuonea huruma."

"Huruma hiyo ni ya kwenda nyumbani?"

Wakili akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Ni ya kupunguziwa, mama."

Usiku alimsimulia Shangazi. Shangazi akajigeuza kwenye mkeka. "Huyo wakili nani anamlipa?"

"Mdogo wangu."

"Basi huyo ni wakili wa mdogo wako. Wako bado hajaja." Akavuta shuka akalala, akaanza kukoroma palepale.

Siku ya kusomewa mashtaka Mama Pasi alipanda kizimbani akiwa ameshakubali kukubali. Alikuwa ameurudia ule mstari kichwani njia nzima. Karani akasoma, kisha akauliza, ni kweli au si kweli? Wakili wa miwani akainamisha kichwa kidogo kumpa ishara akubali. Mama Pasi akafungua mdomo aseme ni kweli, na hofu ikamshika, hofu ya lile neno lenyewe, kwamba likitoka halirudi, na binti yake atalisikia.

"Si kweli," akasema.

Wakili wa miwani alikusanya karatasi zake. Wiki iliyofuata akaandika kwamba amejitoa, na mahakama ikampangia Mama Pasi wakili wa msaada.

Huyu alikuwa binti mwembamba anayebeba mafaili kwenye kikapu cha sokoni. Rumande nzima ilimwita Wakili Kikapu. Joho lake lilikuwa limefumuka upindo upande mmoja na limepigwa pasi kwa haraka, na Mama Pasi, pamoja na woga wote, mikono ilimwasha. Wakili Kikapu alikaa chini kabisa, sakafuni, akasema, "Nisimulie tangu mwanzo, mama. Anzia kwenye nguo."

Akamsimulia. Nyuzi, kopo, hereni, sufuria, mpaka bwana kuruka dirishani. Wakili Kikapu alicheka kwa sauti, kisha akaacha kucheka.

"Kwa hiyo kila rangi ina mwenyewe."

"Ndiyo."

"Kijani ni nani?"

Mama Pasi akatazama mlango. "Sikumbuki."

"Mwalimu mstaafu unamkumbuka. Mama wa saluni, nyuzi mbili, unamkumbuka. Huyu humkumbuki?"

Mahali pengine koridoni ndoo ilikuwa inaburuzwa.

"Mama, sitakulazimisha," Wakili Kikapu akasema taratibu. "Lakini nakwambia ukweli ili usije ukasema sikukwambia. Utetezi wetu ni huo mmoja tu, utaratibu wako wa nyuzi. Tukiueleza, hakimu anaweza kuelewa kwa nini ulifunga vitu usivyovijua. Ila tukiueleza, mwendesha mashtaka atakuuliza hilohilo nililokuuliza mimi. Na ukimjibu hivyo ulivyonijibu mimi, umekwisha."

Mama Pasi alikubali utaratibu uelezwe, ila jina hakulitaja.

Kazi ya kutafuta mashahidi ilikuwa aibu tupu. Wakili Kikapu alizunguka mtaa mzima na kikapu chake. Watu waliowahi kurudishiwa pete, picha, funguo na mambo mengine yasiyotajika hadharani, wote ghafla walikuwa na safari. Mama wa saluni alisema mgongo. Fundi wa baiskeli alisema hajawahi kuvaa suruali yenye mfuko, jamani, mtu mzima! Unga unatisha. Hakuna aliyetaka jina lake liandikwe jirani na neno hilo, na ukiwalaumu ujiulize kwanza wewe ungekwenda. Aliyekubali alikuwa yule mwalimu mstaafu, naye alikuwa mgonjwa wa moyo.

Siku ya utetezi ikafika. Walishushwa kwenye gari la rumande, wakapitishwa ukumbini kwa msafara, na binti yake alikuwa amesimama hapo akingoja, amevaa gauni lake la kanisani. Askari mmoja mwenye utu akapunguza mwendo. Binti akamshika mama yake mkono.

"Mama, usiwe na wasiwasi na nyumbani. Kazi inaendelea. Wateja wengine wamekimbia, lakini mjomba anasaidia sana. Ameanza tena kuleta makoti ya wenzake."

Mama Pasi akaukaza mkono wa binti. "Makoti gani?"

"Ya wenzake wa ghalani. Nimeyafua jana. Na vya mfukoni wala sijavigusa zaidi, nimevifunga kijani nikaviweka kwenye kopo, vilevile ulivyonifundisha." Akatabasamu, maskini, akingoja kusifiwa; hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kete zilikutwa kwenye uzi huo.

Askari akasema twende. Mama Pasi akapelekwa na msafara. Aligeuka mara moja tu, akamwona Kitinda anatokea nyuma ya binti yake, amevaa shati jeupe lililonyooka vizuri, akiweka mkono begani kwa mtoto kumwongoza waingie ndani wakapate viti.

Kwa kawaida mshtakiwa ndiye huanza kujitetea, lakini kwa hali ya mwalimu hakimu aliruhusu yeye atangulie. Mzee akapanda na fimbo yake. Wakili Kikapu akamuuliza kama aliwahi kusahau kitu kwenye nguo.

"Ndiyo. Meno."

"Meno gani, mzee?"

"Yangu haya." Akayatoa, mahakama ikaangua kicheko, hata karani akaficha uso nyuma ya faili. "Niliyasahau kwenye koti. Nikarudishiwa yamefungwa kwenye nailoni kwa uzi wa njano. Hakuuliza, hakunitania, na hajamwambia mtu mpaka leo ninapojisema mwenyewe." Akayarudisha kinywani, akageuza kola yake na kuonyesha mishono ya njano. Hakimu akainama kutazama. Wote walikuwa wanacheka isipokuwa mshtakiwa, aliyekuwa ameshika ubao wa kizimba kwa mikono miwili, akimtazama binti yake kwenye benchi.

Zamu yake ikafika. Alieleza utaratibu wake wote, Wakili Kikapu akimwongoza kama anayemshika mtoto mkono. Halafu akainuka mwendesha mashtaka. Huyu hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa na sauti laini, ya mtu anayekuuliza habari za nyumbani, na hilo ndilo lililomtisha zaidi Mama Pasi.

"Mama, nimevutiwa sana na kazi yako. Njano ni mwalimu."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Bluu, ule ufunguo?"

"Dereva wa gari la maji."

"Hujakosea hata moja. Sasa nisaidie." Akainua kielelezo, ile nailoni iliyochanika na uzi ukining'inia. "Kijani ni nani?"

Jibu la sikumbuki lilikuwa tayari mdomoni mwa Mama Pasi, amelilea miezi yote ile, na lilikuwa rahisi kulitema. Angefungwa yeye, na waovu wale wangebaki mbali na mtoto. Hivyo ndivyo alivyokuwa amejiambia siku zote. Lakini mtoto ndiye aliyekuwa amekwishafunga vifurushi. Ukumbini pale, kwa mdomo wake mwenyewe, huku akitabasamu. Na akikubali kwamba ndiye aliyefunga, kama mama yake alivyokubali, kuna askari mmoja ataliandika.

Akainua macho. Kitinda alikuwa amekaa ubavuni mwa binti yake, uso umetulia kabisa. Ila mkono wake wa kulia ulikuwa umepanda taratibu, umeshika kola ya lile shati nyuma ya shingo, umeiminya. Hakika hata yeye mwenyewe hakujua kwamba umepanda.

"Mama?" mwendesha mashtaka akasema. "Au hukumbuki?"

"Nakumbuka." Sauti ilitoka nyembamba, ya mtoto. "Ni ya mdogo wangu, mheshimiwa. Yule pale, aliyeshika kola."

Watu waligeuka wote pamoja. Kitinda akaiachia kola kama imemuunguza, akasimama, askari wa mlangoni akawa ameshafika. "Dada!" akaita. Hakusema kingine. Alimwita vile alivyokuwa akimwita akianguka uani akiwa mdogo, na Mama Pasi mwili wote ulitaka kutoka kizimbani uende ukamwokote.

Badala yake akamgeukia hakimu, maneno yakamtoka yote kwa mkupuo, akilia. "Mheshimiwa, nyumbani kuna vingine. Binti yangu amevifunga jana, hajui ni nini, nimemfundisha mimi kutokuuliza. Naogopa. Nimeogopa kusema na nimeogopa kunyamaza, na sasa naogopa mtamchukua na yeye. Naomba mkavichukue nyie wenyewe, mwacheni mtoto. Kila koti mtalikuta na uzi wa huyo. Mgeuzeni kola muone."

Wakageuza. Mishono midogo ya kijani ilikuwa hapo, safi, ya mkono wa binti.

Askari walitumwa dukani saa ileile, Wakili Kikapu akaambatana nao huku kikapu kikimgonga mguuni. Binti aliandika maelezo yake mpaka jioni na akalala kituoni, na ule usiku Mama Pasi aliuona kuwa mrefu kuliko yote aliyokaa rumande. Asubuhi wakamwachia. Baada ya siku kadhaa yule kijana wa koti, aliyekuwa amekamatwa mwanzo, naye akaamua kusema alikuwa akitumwa na nani. Kesi ya Mama Pasi ikafutwa, ya Kitinda ikafunguliwa. Wakili Kikapu alipomletea habari, wakashikana mikono. Siku alipotoka, kabla hata ya kuoga, Mama Pasi alimvua wakili yule joho lake akalishona upindo na kulipiga pasi.

Wenye mali hawajaja. Yeye husema hivyo, hawajaja, na kila pikipiki inayopunguza mwendo mbele ya duka humfanya ashike pasi vibaya. Binti amehamia bweni la chuo. Kopo la biskuti bado liko juu ya kabati, lakini siku hizi mteja akileta nguo anaombwa ageuze mifuko yake yote mwenyewe hapo mezani, mbele ya watu. Wapo waliokasirika wakahama.

Kila siku ya kutembelea wafungwa anaamka mapema. Anafua, anaanika, anapiga pasi, kisha anageuza mfuko mmoja baada ya mwingine, anapitisha vidole kwenye kila kona ya mshono. Akimaliza anarudia, maana haamini vidole vyake. Hapo ndipo anapochukua sindano. Pale getini mlinzi humimina mfuko juu ya meza, hupekua, hugeuza kola, na kila mara huuliza kwa sauti watu wote kwenye foleni wasikie, nguo hizi za nani?

"Za mdogo wangu," Mama Pasi hujibu, na husogea pembeni kungoja kuitwa.